Siku moja maishani mwangu: nabuni katriji za Commodore 64 hapa Lamu

Watu wakipita hapa Langoni wakiniona nimeinamia bodi na solda wanadhani natengeneza redio. Hapana jamani. Mimi nabuni katriji, yaani bodi ndogo zenye programu ndani, za kuchomeka nyuma ya Commodore 64, kompyuta ya nyumbani iliyotoka Marekani mwaka 1982, na mpaka leo kuna watu wanaitumia na wanalipa vizuri kwa katriji iliyotengenezwa sawasawa. Jana ilikuwa hivi.

Saa kumi na mbili asubuhi. Chai, mahamri, mbaazi, nafungua duka. Kila siku naanza kwa kusugua meno ya shaba, yale yanayoingia kwenye soketi ya kompyuta, ya zile bodi za majaribio kwa raba ya shule halafu spiriti, manake chumvi ya bahari inakula shaba, ukiiacha wiki mbili karibu na dirisha yote meusi.

Saa mbili. Boti ya Mokowe imeleta mzigo wangu, bodi 20 kutoka China, nimezingoja wiki tatu.

Saa tatu mpaka saa tano, kulehemu bodi ya kwanza. Hapa nieleze kidogo. Katriji ya aina hii inaonekana na kompyuta KB 8 tu (kilobaiti, kipimo cha kumbukumbu) kwa wakati mmoja, na mimi nimeweka chipu ya KB 512, kwa hivyo lazima ikatwe vipande 64, na kuna chipu nyingine ndogo, 74LS273, kazi yake ni kushika namba ya kipande kinachoonekana saa hiyo. Programu ikiandika namba kwenye anwani $DE00 kipande kinabadilika. Biti ya juu kabisa ikiwa 1 katriji inajificha yote, kompyuta inajiona haina kitu mgongoni.

Saa tano na nusu nikachomeka, nikawasha. Skrini ya buluu, 38911 BASIC BYTES FREE, ndiyo baiti za kumbukumbu zilizo wazi, yaani kama sijachomeka chochote. Nikazima nikawasha, programu ikafunguka safi kabisa, moyo ukatulia. Nikazima nikawasha tena, buluu, lakini sasa imeandika 30719. Ikaendelea hivyo hivyo, mara hii mara ile, nikalehemu upya miguu yote, nikabadilisha chipu ya kumbukumbu, nikasugua meno tena, wapi.

Na hapo hapo ndo akaingia mzee mmoja na simu iliyoanguka majini. Shikamoo ami. Marahaba mwanangu, nitazamie hii. Nikamwambia ami mimi sitengenezi simu, fundi wa simu yuko pale mbele, akasema basi si zote ni waya tu, akavuta kiti akakaa. Akakaa mpaka adhana ya adhuhuri! Kila nikiweka mita kwenye mguu wa chipu ananiuliza hii kompyuta kuukuu nani anaitaka, mbona usifungue duka la televisheni, mwanawe fulani ana duka Mombasa anafanya vizuri. Ni mtu mzima siwezi kumtoa, lakini kazi hii ukikatwa hesabu katikati unaanza mwanzo, na nilianza mwanzo mara nne.

Baada ya swala na wali wa nazi nikarudi nikaziandika zile namba mbili kwenye karatasi nikatoa. 38911 kutoa 30719 ni 8192. KB 8 kamili! Yaani ikiandika 30719 katriji ipo, inachukua nafasi yake, ila imeamkia kipande kisicho na mwanzo wa programu. Ikiandika 38911 imejificha. Kwa hivyo ile 273 inaamka na namba yoyote ile badala ya sifuri, na kinachotakiwa kuirudisha sifuri ni ishara ya riseti, ile ya kuanza upya kompyuta ikiwashwa, inayotoka kwenye jino C la katriji. Nikaweka mita kutoka jino C mpaka mguu wa 1 wa chipu. Kimya, mita hailii, yaani hazijaungana.

Nikafungua mchoro kwenye KiCad, programu ya kuchorea bodi. Ukurasa mmoja nimeandika RST, wa pili nimeandika RESET, na kwa programu hayo ni majina mawili, haiyaungi. Bodi zote 20 zimetoka na kosa hilo.

Sikumbuki saa, nadhani alasiri ishapita. Kipande cha waya mwembamba kama uzi, ncha moja jino C sehemu ya juu isiyoingia kwenye soketi, nyingine mguu wa 1, mkono unatetemeka kwa uchovu. Nikawasha. Ikafunguka. Nikazima nikawasha mara 50 nahesabu kwa sauti, ikafunguka zote 50.

Mteja yuko Ujerumani, nikamwandikia ukweli, akajibu nimtumie hivyo hivyo na waya zake, yeye hajali. Mimi najali. Katriji yenye jina langu haitoki Lamu na waya unaning'inia. Usiku nimerekebisha mchoro, nimeukagua jina kwa jina mpaka macho yakauma, nimeagiza bodi 20 nyingine kwa pesa yangu. Wiki tatu tena.