Jumatatu sipokei zamu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mwezi uliopita ratiba yangu ilikuwa hivi: Jumatatu zamu ya kanisani, kwaya Jumanne na Alhamisi, mkesha Ijumaa, usafi wa kanisa Jumamosi, Jumapili ibada zote mbili. Nikajua ni moto wa Roho, kumbe mwili umeshaisha. Jumapili moja nimesimama sauti ya pili, kitenge cha sare kimelowa jasho, ubeti wa wimbo ninaouimba tangu shule ya Jumapili ukanitoka kabisa. Nikaenda kulia nyuma ya kanisa, pale penye bomba.

Mama mchungaji hakunikemea. Alinifungulia 1 Wafalme 19. Eliya amechoka mpaka anaomba kufa, na malaika hamwambii aongeze maombi. Anampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, analala tena, anaamshwa ale mara ya pili. Miaka yote nimesoma sura hii nikikimbilia ile sauti ndogo ya utulivu, usingizi nikauruka!

Sasa Jumatatu sipokei zamu. Jana nimepika mihogo ya nazi, tukala barazani taratibu. Mwanangu akaniuliza, “Mama, leo huendi kanisani?” Nikamwambia, leo nipo.