Treni imepanda ghorofa!

Jamani, leo treni yangu ndogo ya mfano imetoka reli ya chini ikafika ya juu bila kusukumwa na kidole cha mtu. Mliouliza kwa nini nyumba inanuka gundi ya mbao, jibu ndilo hilo.

Ghorofa mbili za meza yangu zimeachana sentimita 40. Treni zenyewe ni za kipimo kiitwacho HO, yaani moja kwa 87 ya treni halisi, na hazipendi mlima. Mwinuko ukizidi asilimia 3 hivi, yaani sentimita 3 kwa kila mita ya reli, injini iliyobeba mabehewa mengi huanza kuzungusha magurudumu palepale ilipo. Ndiyo maana nimejenga mnara wa plaiwudi, reli ikizunguka ndani yake kwa nusu kipenyo cha sentimita 60. Kila mzunguko una karibu mita 3.8 na unapanda sentimita 10. Kwenye karatasi ni asilimia 2.7 tu, ila kona nayo inakaba, kwa hiyo injini inaumia zaidi ya hapo.

Wengine huweka lifti: treni inasimama juu ya ubao, ubao unainuliwa. Nafasi inaokolewa kweli, lakini reli zisipokutana sawasawa mzigo wote uko sakafuni. Moyo huo sina. (Hata reli ya Mombasa kwenda Uganda iliwahi kushusha mabehewa kwa kamba kule Kikuyu, ila kwa muda tu.)

Sasa treni ikiingia mnarani haionekani kwa karibu dakika mbili, na watoto wanalalamika. Nataka kukata dirisha ubavuni. Nani ana msumeno mdogo wa umeme aniazime Jumamosi?