Corolla yangu ya 1982, rangi ilikuja mwisho kabisa

Watu wakiiona hii gari imepaki swali la kwanza ni rangi tu, nani kaipiga, mbona inang'aa hivyo, na mi huwa nawajibu rangi ndo kitu cha mwisho nilichofanya na ndo kilichonichukulia mda mdogo kuliko vyote. Ni Toyota Corolla KE70 ya mwaka 1982, injini 4K, cc 1290, kabureta, inasukuma kwa tairi za nyuma. Naiendesha kila siku. Sio gari ya wikiendi wala ya maonyesho, asubuhi naenda nayo kazini, jioni narudi nayo, mvua ikinyesha inanyeshewa, foleni ikiwepo inakaa foleni. Hayo maneno mawili "kila siku" ndo yameamua karibu kila nilichokifanya humu ndani.

Kabla ya hii nilikuwa na nyingine ya zamani na ile nilianza na rangi. Ilipendeza sana, miezi nane hivi, alafu vikaanza vipele vidogo kwenye madigadi ya nyuma, ukikibonyeza kimoja kwa kidole kinapasuka na ndani unakuta unga wa kahawia. Puti, ile ya kusawazisha bati kabla ya rangi, ilikuwa imepakwa juu ya kutu. Puti inanyonya unyevu, na praima nyingi za kawaida nazo zinapitisha maji, kwa hiyo kutu haijawahi kusimama hata siku moja, iliendelea kula bati huku juu mi naosha na kupiga polishi. Iliniuma mno. Ile gari niliipenda na niliiachia ife taratibu chini ya rangi niliyoilipia mwenyewe.

Kwa hiyo hii ilipofika nilitoa viti vyote, nikatoa kapeti, nikatoa na raba ya kioo cha mbele, kisha nikachukua nyundo ndogo nikawa nagonga sakafu na chini ya milango huku nasikiliza. Bati zima linalia, bati lililokwisha linajibu kwa sauti ya bubu, na sehemu zenye puti nene ndo kabisa unasikia kama unagonga ubao. Nilikuta matobo mawili sakafuni upande wa dereva, chini ya betri pamelika na asidi, na pembe zote mbili za chini za kioo cha mbele zimeoza kwa sababu maji yalikuwa yanakaa pale chini ya raba miaka na miaka bila mtu kuyaona.

Vyote vilikatwa mpaka tukafika kwenye bati jeupe linalong'aa, hapo ndo tukachomelea bati jipya (kabla ya kuchomelea toa waya wa betri na chomoa alteneta, umeme wa welding unaua alteneta kirahisi sana). Alafu praima ya epoksi moja kwa moja juu ya bati, hiyo ndo inayofunga maji yasipite, na puti ikaja juu ya hiyo epoksi, kidogo tu, ya kusawazisha sio ya kujaza shimo. Ndani ya boksi za chini ya milango nikapuliza nta maalum ile inayotambaa kwenye maungio. Hata kama huna mpango wa kufanya lolote kati ya haya, chukua kiwaya leo uzibue vile vitobo vilivyo chini kabisa ya milango yako. Maji yanaingia mlangoni kupitia raba ya kioo, hilo ni kawaida kwa gari yoyote, na yameachiwa pa kutokea, sasa vikiziba na matope mlango unageuka ndoo na unaoza kutokea ndani kuja nje. Vyangu vilikuwa vimeziba vyote.

Breki.

Hapa sina masihara kabisa, kwa sababu ukitoka kila siku utakutana kila siku na mtoto anayekimbilia mpira, na gari iliyosimama ghafla mbele yako. Ilivyokuja ilikuwa inavuta kushoto ukikanyaga, na ukitembea mda mrefu tairi la mbele la kushoto linapata moto kuliko jingine. Nilibadilisha pedi, wapi. Nikatoa kalipa nikaisafisha na kuweka raba mpya, bado. Tatizo lilikuwa hozi, ile hozi ya raba ya breki, kwa nje nzima kabisa haina hata ufa ila ndani ilikuwa imevimba, ukikanyaga presha inapita kwa nguvu, ukiachia pedeli oili hairudi, kwa hiyo pedi zinabaki zimeshika diski. Hozi za raba zinazeeka hata gari ikiwa imepaki tu, ukinunua gari ya umri huu badilisha zote bila kuziuliza. Nyuma ni dramu, silinda zake ndogo zote mbili zilikuwa zinavuja zimelowesha brekishuu, nikaweka mpya na shuu mpya.

Na oili yenyewe ya breki wengi wanaisahau kabisa. Inavuta maji kutoka hewani, ndo tabia yake. Zinatofautishwa kwa daraja lililoandikwa kwenye kopo, DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230, ila ikishanyonya maji inaruhusiwa kushuka hadi 155, DOT 3 ni 205 ikiwa mpya na 140 ikiwa na maji. Sasa fikiria unashuka mlima mrefu, breki zimepata moto, oili inachemka inatoa mapovu ndani ya paipu, unakanyaga pedeli inaenda mpaka chini bila kitu. Mi naibadilisha kila baada ya miaka miwili, nimeandika tarehe kwa kalamu ya rangi pale juu ya kikopo chake.

Upande wa kuchemsha, kuna desturi moja inanikera toka zamani nayo ni ya kutoa thermostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, gari ikichemsha tu inatolewa inatupwa. Yangu nayo niliikuta haina. Injini isiyo na thermostati inachukua mda mrefu sana kupata joto lake, inakula mafuta, oili haipati joto la kutosha kukausha unyevu, ringi na silinda zinalika mapema, na kile kilichokuwa kinaichemsha bado kipo palepale. Kwangu ilikuwa rejeta imeziba nusu pamoja na mfuniko wake umechoka springi. Mfuniko wa rejeta sio wa kufunikia tu, unashika presha, na presha ndo inayofanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100, ukichoka yanamwagika mapema. Rejeta ikafunguliwa ikasafishwa, mfuniko mpya, thermostati ya nyuzi 82 ikarudi mahali pake, nikaweka kulanti nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi maana hedi ya hii injini ni ya alumini na bloku ni chuma, maji ya bomba matupu yanaila alumini polepole. Toka hapo mshale umekaa katikati, foleni au hakuna foleni.

Injini yenyewe ilikuwa inamisi. Kabla sijaifungua nilipima kompresheni, yani presha inayobanwa ndani ya kila silinda, na silinda ya tatu ilikuwa chini sana kuliko wenzake. Ukikuta hivyo mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi alafu upime tena, ikipanda ujue ringi, isipopanda angalia valvu au gasketi. Yangu haikupanda. Tukafungua hedi tukakuta valvu ya eksozi imeungua pembeni, basi valvu mpya, zote zikasagwa, gasketi mpya, chini hatukugusa. Fundi alikuwa anataka tufanye ovahoo nzima na nilimuelewa, ila silinda zilikuwa na mistari yake ya kiwandani bado, dalili kwamba hazijalika, na hakukuwa na moshi wa bluu, sikuona sababu ya kufungua kitu kizima. Wengine wanaitoa 4K wanaweka 5K ya cc 1486, inakaa bila kukata chochote na inashika gia boksi ileile, ni kazi nzuri na siipingi. Mi nimebaki na ya kwake kwa sababu safari zangu ni za mjini na haijawahi kunipungukia.

Kilichobadilisha tabia ya gari kuliko hata valvu ni kutoa pointi, yani vile vichuma vinavyokata na kuunga umeme wa plagi, kwenye distributa na kuweka ile seti ya kielektroniki inayoingia ndani palepale, kwa nje huoni tofauti. Pointi zinalika, kila zikilika mwanya unabadilika na taiming nayo inahama, sasa kwa gari ya kila siku unajikuta kila baada ya wiki kadhaa una bisibisi mkononi. Saivi naiwasha asubuhi kwa choki nusu, inashika mara ya kwanza.

Umeme ndo uliniumiza kichwa. Waya za zamani zimepita mikononi mwa watu wengi, kila mmoja kaongeza redio yake, alamu yake, taa yake, amekata kaunga na selotepu. Nilitoa vyote ambavyo havikutoka kiwandani, nikasafisha ethi zote (pale waya za kurudishia umeme zinapofungwa kwenye bodi) mpaka bati jeupe na kuweka waya mpya mnene kutoka betri kwenda kwenye bodi na mwingine kwenda kwenye injini. Ukiona indiketa ikiwaka taa nyingine inafifia, au mshale wa mafuta unacheza ukikanyaga breki, anza na ethi kabla hujanunua chochote.

Alafu taa kubwa. Zilikuwa njano, dhaifu, nikadhani balbu. Nikapima volti kwenye soketi ya taa, kumi na nusu, wakati betri ina kumi na mbili na zaidi. Umeme wote wa taa ulikuwa unatoka betri unapita kwenye swichi ya usukani na waya mwembamba wa miaka zaidi ya 40 ndo urudi mbele. Na balbu haipotezi mwanga sawasawa na volti, ukipunguza volti asilimia 10 tu mwanga unapungua karibu asilimia 30. Nimeweka relei mbili, swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo na kupitisha mkubwa, pale mbele karibu na betri na waya mpya wenye fyuzi yake, swichi sasa inaamrisha relei tu haibebi mzigo, balbu ni zilezile za wati 60 na 55. Usiku wa kwanza kuiendesha nilisimama kabisa pembeni nikashuka niangalie, barabara ilikuwa nyeupe mpaka mbali.

Sasa mapambo, kwa sababu najua kuna waliokuja kwa hiyo.

Rimu. Ilikuja na za inchi 13 na tairi za 155/80, mi nimeweka za inchi 14 na tairi za 185/60. Piga hesabu mwenyewe utaona kipenyo cha tairi zima ni kilekile, milimita 578 hivi pande zote mbili, kwa hiyo spidomita haidanganyi na gia hazijabadilika uzito, ila tairi limepata upana na ukuta mfupi, kona inashika vizuri zaidi. Na ukinunua tairi soma zile namba nne za mwisho pembeni kwenye DOT, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nililetewa tairi lenye vinyweleo vyake vyote vya raba kama jipya, kusoma namba lina miaka tisa. Nikalirudisha.

Kushusha gari sikushusha na naulizwa sana. Kukata springi naona ni kuiharibu gari, springi iliyokatwa inaweza kuchomoka mahali pake ukiruka tuta, shokapu inabaki inafanya kazi mwishoni mwa urefu wake, raba za kuzuia zinagonga kila shimo, na hii KE70 nyuma ina springi za koili na mikono minne ambayo kiwandani walishaipanga vizuri. Nilichofanya ni bushi zote mpya, bolijointi mpya, shokapu mpya, na urefu ukabaki wake. Watu wanashangaa gari ya umri huu inapita kwenye mashimo bila kelele, na ni bushi tu.

Ndani nimerudisha kila kitu kama kilivyokuwa, redio ya zamani yenye vitufe ipo palepale ila nyuma yake kuna kiamplifaya kidogo cha bluetooth nimekificha, na chaji ya simu iko ndani ya kisanduku cha tiketi. Mikanda ya nyuma iliyokuwepo ilikuwa ya kiunoni tu, nimeweka ya pointi tatu kwa sababu watoto ndo wanakaa nyuma. Matundu ya bolti kiwandani walishayaacha kwenye nguzo, yamefunikwa na plastiki, we angalia kwenye yako kabla hujatoboa kokote.

Kwa sasa kuna mvumo unatoka nyuma kuanzia spidi 70, ukiachia mafuta haubadiliki, ukikata kona ya kulia unaongezeka. Hiyo sio difu, ni beringi ya tairi la nyuma kushoto. Spea imeshafika iko mezani, jumamosi nachomoa ekseli.