Sauti Iliponipwelea

Mvua ya Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ikishuka juu ya mabati, darasani husikii kitu. Mwaka 2004 nilikuwa na wanafunzi 112 wa darasa la nne katika chumba kimoja, maana tangu elimu ya msingi bila ada ianze mwaka 1997, watoto walizidi madawati. Nilipaza sauti tangu asubuhi hadi alasiri. Chuoni nilifundishwa kuandaa somo na kupanga ubao. Koo halikutajwa hata siku moja. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu koo ndilo jembe letu.

Muhula wa pili sauti ikawa inapwelea kila Alhamisi, Jumapili inarudi. Tangawizi, asali, kusukutua maji ya chumvi, vyote nilivijaribu. Jumatatu moja nikafungua mdomo niwasalimie watoto, ikatoka pumzi tupu.

Binti mmoja wa dawati la mbele aliinuka, akanitegea sikio, kisha akawageukia wenzake: "Mwalimu anasema tufungue ukurasa wa 31." Basi tukaendelea hivyo wiki mbili, mimi nanong'ona, yeye anatangaza.

Nilipofika Kampala, daktari wa koo alitikisa kichwa kusikia habari ya kunong'ona. Alipasha kioo kidogo chenye mpini mrefu juu ya moto wa spiriti, kisije kikafunikwa na ukungu wa pumzi yangu, akaushika ulimi wangu kwa kipande cha bendeji. "Mama, sema iii." Kisha akanichorea alichokiona: nyuzi mbili za sauti, kila uzi na kinundu chake, vinatazamana. Mwanamke akizungumza, nyuzi hizo hugongana kama mara 200 kwa sekunde. Ukizilazimisha kila siku huota sugu, kama kiganja cha mkulima, na kunong'ona nako huzikaza. Ninyamaze kabisa wiki mbili, ninywe maji, nisikohoe kusafisha koo; baadaye nifundishwe upya kutoa sauti kwa pumzi ya tumboni.

Mwanangu wa miaka mitatu alidhani nimemkasirikia. Siku ya pili ya kimya changu alileta kikombe cha maji kwa mikono miwili, nusu yake imemwagika, akakiweka miguuni pangu, akarudi nyuma hadi mlangoni. Nilimvuta nikamkumbatia. Sikuwa na namna ya kumwambia.

Niliporudi shuleni nilipiga makofi matatu, nikangoja watulie. Mvua ikinyesha, niliandika tu ubaoni. Yule binti aliendelea kuinuka kila nikifungua mdomo.