Siku moja maishani mwangu: kuwafuga bakteria wa asidi

Saa 1 asubuhi. Kabla sijavaa hata glavu, napitia skrini ya tangi la uchachushaji. Wengi hudhani naangalia kwanza bakteria wameongezeka kiasi gani. Wala. Naangalia pampu ya alkali. Bakteria wakitoa asidi, pH (kipimo cha uchachu; ikiwa chini, uchachu ni mkubwa) hushuka, na pampu hudondosha hidroksidi ya sodiamu kuirudisha karibu na 7. Mstari wa pampu ukipanda kwa kasi, usiku ulikuwa wa kazi. Ukilala, kuna jambo. Leo umepanda hadi alfajiri, kisha ukalegea.

Saa 2. Nachukua sampuli. Matone ya kwanza namwaga, maana yalikaa kwenye bomba tangu sampuli iliyopita. Mashine ya kuzungushia inawashusha bakteria chini ya kichupa, juu kinabaki kimiminika cha njano. Nakichuja, nakipeleka kwenye kromatografia, mashine inayotenganisha na kupima kemikali zilizomo.

Saa 3. Mashine inapima, nami nina muda wa kueleza tunachokitafuta: asidi ya suksiniki, malighafi ya plastiki na viyeyushi, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli. Mwaka 2004 Wizara ya Nishati ya Marekani iliiweka kwenye orodha yake ya kemikali 12 za msingi zinazoweza kupatikana kwa sukari.

Bakteria tunayemfuga, E. coli, akikosa oksijeni hutoa mchanganyiko: asidi laktiki, asetiki, fomiki, ethanoli, na suksiniki kidogo tu. Tumemfutia jeni za ldhA, adhE na pflB, yaani njia za laktiki, ethanoli na fomiki. Shida ni kwamba seli ikivunja sukari hubaki na elektroni zinazotaka pa kwenda, na baadhi ya njia hizo ndizo zilizokuwa zikizipokea. Kwa hiyo bakteria wetu hakui vizuri bila hewa. Tunamkuza kwanza kwa oksijeni hadi tangi lijae seli, ndipo tunafunga hewa na kumpulizia kabonidioksidi.

Hiyo gesi si ya kujaza nafasi. Inaingia kwenye asidi yenyewe. Molekuli yenye kaboni 3 inapokea moja zaidi na kuwa na kaboni 4. Ndiyo maana, kwa hesabu za karatasini, gramu 100 za glukosi zinaweza kutoa hadi gramu 112 za asidi ya suksiniki. Wageni wakisikia hivyo hunitazama kama tapeli.

Saa 6 mchana. Majibu. Suksiniki imepanda vizuri, lakini kwenye grafu kuna kilima cha asidi asetiki ambacho sikukitaka. Sukari imekuwa ikiingia kwa kasi kuliko uwezo wa seli kuitumia. Napunguza mlisho. Kisha nala chakula cha mchana, haraka haraka.

Saa 8. Kikao na wenzetu wa usafishaji, na hapa ndipo pesa hulala. Kwenye pH 7 hatuna asidi, tuna chumvi yake. Kuipata asidi lazima tumwage asidi salfyuriki, na tunabaki na lundo la chumvi nyingine. Wanaotengeneza asidi laktiki kwa kutumia chokaa hupata karibu tani moja ya jasi kwa kila tani ya bidhaa. Kuvu Aspergillus niger hana shida hii: hutoa asidi sitriki kwenye pH ya karibu 2. Mwanakemia James Currie aliieleza kazi ya kuvu huyo mwaka 1917, kampuni ya Pfizer ikaanza kuizalisha asidi hiyo viwandani 1919, na hadi leo ndiye anayetegemewa.

Mwenzangu anataka tuhamie kwenye hamira inayovumilia uchachu. Nakubali, ila namkumbusha kampuni ya BioAmber, iliyotengeneza asidi ya suksiniki: walikuwa na hamira ya aina hiyo kwenye kiwanda chao cha Sarnia, Kanada, na bado walifilisika 2018. Kushindana na mafuta ya bei ya chini si kazi ya jeni peke yake.

“Sasa mzee, tuache?” ananiuliza.

“Tujaribu, lakini gharama tuzipigie hesabu leo, si baada ya miaka mitatu.”

Saa 10 jioni. Naandaa mbegu ya hamira, yaani seli za kuanzia, kwenye chupa. Mabaki ya jana yanapikwa kwa mvuke wa nyuzi 121 kabla ya kumwagwa. Kiumbe aliyebadilishwa jeni hatoki humu akiwa hai.

Saa 12. Asetiki imeacha kupanda. Kwa wa zamu ya usiku naandika: pampu ikisimama ghafla, pima sukari kwanza, povu likifika kwenye kihisi, ongeza dawa ya povu kidogo kidogo, mlisho usiguse.