Nilijua nina bima, kumbe bima yenyewe hainihusu

Mwaka jana nilikua nashuka na IST yangu kutoka Mwanga kwenda stesheni hapa Kigoma, mvua ndo imekatika, bajaji mbele yangu ikasimama ghafla nikashika breki gari ikateleza tu mpaka nikaibamiza kwa nyuma. Ndani kulikua na mama na beseni la dagaa, dagaa wote lami. Kwangu taa ya kushoto imepasuka na bampa linaning'inia.

Trafiki akaja akacheki namba ya gari kwenye simu, bima ipo hai. Hapo nikatulia kabisa, nikasema leo ndo ile 118,000 yangu ya kila mwaka inafanya kazi.

Kesho yake nikaenda kwa wakala na kadi ya gari, leseni na makaratasi ya polisi. Dada akaangalia akaniuliza, "Kaka, hii si bima ndogo? Hii inamlipa uliyemgonga, wewe na gari lako hamumo." Nikabisha sana aisee. Akanielewesha taratibu kwamba bima ndogo ndo ile ya mtu wa tatu (third party): wa kwanza ni wewe uliyenunua, wa pili ni kampuni, wa tatu ni yule unayemuumiza au kumharibia kitu barabarani, na sheria inalazimisha huyo wa tatu tu ndo akatiwe bima. Ndo maana ni laki moja na VAT yake basi. Bima kubwa ndo inagusa na gari lako, ye alinipigia kwa asilimia 3.5 ya thamani, yaani gari ya milioni 10 ni 350,000 ukiweka VAT inafika 413,000. Mi miaka yote nilikua naona kama wanatuibia tu na hiyo kubwa yao.

Kijana wa bajaji aliumia goti, akapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, akatibiwa hospitali ya Maweni, matibabu yake na bodi ya bajaji vikalipwa na bima yangu ila ilichukua karibu miezi miwili, kila siku mara picha mara risiti. Faini ya trafiki 30,000 juu yangu, na dagaa za yule mama nililipa palepale maana angeningoja mpaka lini.

Gari nikapeleka kwa fundi Gungu kwa hela yangu, taa nikapata ya mtumba. Mwaka huu nimeenda kukata kubwa, dada akasema lazima alipige gari picha kwanza, akazunguka mbele akacheka, taa moja nyeupe moja ya njano.