Taa nyekundu ya mita na ukuta wa nyanya

Januari iliyopita tokeni za umeme za shilingi 1,000 zilikuwa hazitimizi siku nne nyumbani kwetu Tudor, Mombasa. Tunakaa orofa ya mwisho, sebule imeelekea magharibi, na upande huo wote ni kioo. Kioo hicho ndicho kilichotuvuta tulipokuja kuiona nyumba: jioni, maji ya mkono wa bahari yakigeuka dhahabu. Hatukujiuliza joto la jua hilo litakwenda wapi. Lilikwenda kitandani. AC ikawa inawashwa saa nane mchana, inazimwa alfajiri.

Ijumaa moja nikaenda kumwamkia nyanya, Mji wa Kale, karibu na Ndia Kuu. Digo Road ilikuwa inachemka, lakini kichochoroni mle ni kivuli mwanzo hadi mwisho. Nyumba zimekaribiana na roshani za mbao zimetokeza juu. Nyanya ana feni moja, na ilikuwa imezimwa.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo ukae hapa, upepo waja."

Nikaweka kiganja ukutani. Ni matumbawe na chokaa, jiwe lilelile la Fort Jesus iliyoanza kujengwa 1593, unene kama kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole, na baridi kama mtungi. Wageni hupiga picha milango ya nakshi, na kweli ni mizuri, lakini siku ile mimi nilitamani ukuta. Nilipomweleza habari za tokeni, alicheka.

"Mumelifungulia jua mlango, kisha mwalifukuza kwa pesa."

Usiku ule nikasimama mbele ya mita, simu mkononi. Kwenye mita yetu, taa nyekundu ikimeta mara 1,000, yuniti moja imekwenda. Nikazima kila kitu, nikawasha AC peke yake: mara 19 kwa dakika. Nikaizima, nikawasha feni ya darini. Nikangoja hadi nikadhani taa imekufa, ndipo ikameta, mara moja. Friji: mara tatu, na haipumziki. Nikabana noti ya shilingi 50 mlangoni mwake, nikaivuta; ikateleza kama haikushikwa na kitu. Mpira ulikuwa umechoka. Fundi alikuja akautia mwingine, tukaihamisha friji kutoka pale jua la alasiri lilipokuwa likiipiga mgongoni.

Kisha nikanunua mikeka ya ukindu, nikaitundika ndani ya kioo. Kazi bure. Jua likishapita kioo limeshaingia, na mkeka unapata moto nao unautoa chumbani. Nikaitoa nje, kwenye vyuma vya roshani, na siku ya kwanza tu niliweza kukaa kwenye kochi saa kumi bila shati kunigandia. Mwenye nyumba akapiga simu kwamba nimeharibu sura ya jengo. Nilitaka kumwambia jengo lenyewe limechorwa na mtu asiyejua upepo wa kaskazi unavumia wapi, lakini nilikuwa sijamwomba bado ruhusa ya kupaka chokaa paa la zege ili lirudishe jua. Nikameza, nikamwomba. Alikubali, gharama juu yangu, nikalipaka mara mbili.

Ile kaskazi yenyewe tulikuwa tumeizuia sisi. Huja kutoka kaskazini mashariki, kwetu ni upande wa jikoni, na dirisha la pale tulikuwa tumeliziba kwa kabati la vyombo! Tulilisogeza, tukaacha mlango wa chumba wazi usiku, na feni ikatosha.

AC bado ipo. Wakati wa tanga mbili, kati ya kaskazi na kusi, upepo ukiwa umekufa, huiwasha saa moja kabla ya kulala, wala sioni aibu. Tokeni za 1,000 sasa hufika siku ya 11.

Aliyenung'unika ni mke wangu, kwa sababu mikeka ilimnyima machweo yake. Basi ikifika saa kumi na mbili na robo huukunja mmoja, na kwa dakika ishirini hivi tunakaa na chai tukiyatazama maji ya Tudor.